Kuishia Kufundisha

Tulipokuwa mwaka wa kwanza tulisoma kauli ya kutendea. Pika huwa pikia, soma huwa somea, isha huwa ishia. Mfano uliowekwa ubaoni ulikuwa wa barabara: barabara hii inaishia ziwani. Ni mfano mzuri, hauna ubishi. Lakini mimi nimekulia Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na huko sikukisikia kitenzi hiki kikisemwa juu ya barabara. Nilikisikia kikisemwa juu ya watu. Fulani alikuwa muuguzi Bunia, ameishia kuuza mkaa. Fulani alikuwa na ng'ombe sitini Masisi, ameishia kupanga foleni ya mgao. Fulani alicheza mpira mbele ya uwanja uliojaa, ameishia kufundisha watoto wa wakimbizi vumbini.

Kikisemwa juu ya barabara, kitenzi hiki kinaeleza tu. Kikisemwa juu ya mtu, kinatoa hukumu. Katika insha hii nataka kuipinga hukumu hiyo kwa kutazama maisha ya mchezaji mpira aliyegeuka kocha. Nitawazungumzia watatu. Wa kwanza anajulikana Afrika nzima: Ndaye Mulamba. Wa pili ni Florent Ibengé, ambaye mashabiki wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu. Wa tatu anajulikana Base Camp tu, na jina lake sitalitaja. Sisi tulimwita Kocha.

Pierre Ndaye Mulamba alizaliwa mwaka 1948 Luluabourg, mji wa Kasai ambao leo unaitwa Kananga. Alikuwa mshambuliaji, na mashabiki walimpa jina la Mutumbula. Mwaka 1973 alikuwa na AS Vita Club ya Kinshasa ilipotwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Vita ilifungwa 4-2 na Asante Kotoko kule Kumasi, ikarudi nyumbani ikashinda 3-0. Machi 1974 nchi yake, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ilikwenda Misri kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika nusu fainali wenyeji walitangulia 2-0. Zaire ikashinda 3-2, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya Ndaye. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2 hata baada ya dakika za nyongeza, ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili aliyafunga mtu mmoja. Kwa jumla Ndaye alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Baada yake wamekuja akina Samuel Eto'o, Didier Drogba na Mohamed Salah, na hadi leo hakuna aliyefikisha mabao 9 katika Kombe moja la Mataifa.

Miezi mitatu baadaye Zaire ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, huko Ujerumani Magharibi. Mambo yakaharibika. Scotland iliwafunga 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0, nao hawakufunga hata bao moja. Katika mechi ya Yugoslavia, Ndaye alipewa kadi nyekundu dakika ya 22 kwa kosa la kumpiga mwamuzi teke. Aliyepiga teke alikuwa mwenzake, Mwepu Ilunga. Mwamuzi alichanganya sura. Msomaji wa kawaida anaweza kucheka hapo. Mimi sicheki, kwa sababu nimekulia mahali ambapo familia inaweza kulala njaa mwezi mzima kwa kuwa herufi moja ya jina lao imekosewa kwenye orodha. Kuhesabiwa kuwa mtu mwingine si jambo la kuchekesha kwa aliyelipia.

Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia, akatunukiwa heshima wakati wa Kombe la Mataifa. Aliporudi nyumbani, majambazi walimpiga risasi mguuni. Waliamini kwamba mtu aliyekuwa nyota wa mpira lazima awe na fedha. Vita vilipowaka mwaka 1996 mwanawe mkubwa aliuawa, naye akakimbilia Afrika Kusini. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Ndaye alicheza kwao, akawapa kwao kombe, na zawadi aliyopewa ni risasi ya mguu. Methali ile ni ya watu ambao kwao kumetulia.

Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa lililofanyika Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka Ndaye Mulamba. Habari zilikuwa zimeenea kwamba amekufa katika machimbo ya almasi Angola. Ndaye alikuwa hai. Alikuwa mkimbizi Cape Town, amepokewa na familia moja katika mtaa wa watu maskini. Huko, miaka ilivyokwenda, akawa kocha wa mpira wa ridhaa. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Maisha haya yakisimuliwa vijiweni, mabao 9 hupewa nusu saa, Ujerumani hupewa dakika kumi, na ile miaka ya Cape Town hupewa sentensi moja: basi, akaishia kufundisha vijana wa mtaani. Msimulizi hutikisa kichwa, wasikilizaji hutikisa vichwa, habari imekwisha. Nimeyasikia masimulizi hayo mara nyingi, na kila mara najiuliza wale vijana wa mtaani wangeyasimulia vipi. Najiuliza kwa sababu mimi ni mmoja wa vijana wa namna hiyo.

Familia yetu iliingia Uganda mwaka 2012, kupitia Nyakabande kule Kisoro, nikiwa na miaka tisa. Nakivale ni makazi ya siku nyingi. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, wakipakana na Wanyankole wa Isingiro na migomba yao. Kocha tulimkuta tayari yuko pale. Alikuwa amecheza nafasi ya kiungo Bukavu, kisha Goma, katika timu zilizojaza uwanja wa mji lakini hazikufika kwenye televisheni. Goti la kushoto lilimwishia kabla vita havijamfukuza. Mtu aliyetaka kumuudhi alimwambia kwamba amepoteza vyote viwili, mguu na nchi.

Uwanja wetu una mteremko, kwa hiyo kila timu hucheza kipindi kimoja ikipanda na kingine ikishuka. Magoli ni nguzo za mkaratusi. Kiangazi ni vumbi jekundu, masika ni tope, na majira yote mawili kuna mbuzi. Kikosi cha umri wangu kilikuwa na watoto wa lugha sita: Kiswahili chetu cha Kivu, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari na Runyankore. Kocha aliamua kwamba ndani ya mstari lugha ni Kiswahili, na Kiswahili chenyewe alikipunguza hadi maneno matano: toa, rudi, panua, tulia, mtu. “Mtu” maana yake adui yuko mgongoni kwako. Mtoto wa Kisomali aliyefika wiki ile aliyajua maneno hayo matano kabla hajajua kuomba maji. Walimu wangu wa isimu wamenifundisha mengi kuhusu namna lugha ya mawasiliano inavyoenea, nami nawashukuru, lakini mara ya kwanza niliiona ikienea pale, kati ya nguzo nne za mkaratusi.

Kuna jambo ambalo watu hawaelewi wanapodhani kufundisha ni masalio ya kucheza. Ni kazi mbili tofauti. Mchezaji hahitaji kueleza. Ndaye hakuulizwa kwa nini alisimama pale mpira ulipoangukia. Alisimama, akafunga, yakaisha. Kocha lazima aeleze, tena amweleze mtu ambaye miguu yake si yake. Wako waliofika mbali pande zote mbili, kama Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu Simba ilipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, na baadaye akaifundisha Simba hiyohiyo. Lakini kucheza vizuri peke yake hakumpi mtu uwezo wa kueleza, na kuna kucheza vizuri sana kunakomfanya mtu asijue hata kuna nini cha kueleza.

Kocha wetu hakuweza kuonyesha kwa mguu kwa sababu ya goti, kwa hiyo alitafuta njia nyingine. Alipanga mawe kumi na moja, akatutembeza katikati yake pasipo mpira, akituuliza kila hatua: nyuma yako kuna nani? Halafu alibuni zoezi ambalo nimelikumbuka kuliko mtihani wowote wa sekondari. Mpira ukiwa njiani kukujia, mwenzako mmoja anasimama nyuma yako na kuinua vidole. Kabla mpira haujagusa mguu wako lazima uwe umegeuza shingo, umeona, na umetaja idadi. “Vitatu!” Ukikosa, unapisha mwingine. Wiki ya kwanza tulikosa wote. Mwezi wa tatu tulikuwa tunataja huku tunacheka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu alikuwa ametoa kichwani mwake kitu ambacho miguu yake ilikijua kwa miaka ishirini, akakikata vipande vidogo ambavyo mtoto wa miaka kumi anaweza kuvibeba. Baadaye, nikisikiliza matangazo ya ligi ya Tanzania redioni, niligundua kwamba Watanzania mara nyingi humwita kocha “mwalimu”. Neno hilo halikunishangaza.

Sasa nimfikie Ibengé. Hapa Mbarara, tukitoka kutazama mpira Kakyeka, mabishano huendelea mpaka bwenini. Nikimtaja Ndaye kama kocha, wenzangu hunijibu: Ndaye alikuwa mchezaji; ukitaka kocha wa Kikongo mtaje Ibengé. Nakubali. Florent Ibengé alizaliwa mwaka 1961, akacheza mpira Ufaransa bila kupata jina kubwa, akajifunza kufundisha katika timu ndogo za kaskazini mwa nchi ile. Mwaka 2012 alikuwa China na Shanghai Shenhua, akaishika timu kwa muda baada ya Jean Tigana kuondoka. Mwaka 2014 aliifikisha Vita Club, klabu ileile ya Ndaye, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika: 2-2 Kinshasa, 1-1 Algeria, na kombe likabaki na ES Sétif kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mwaka uleule alikabidhiwa timu ya taifa bila kuiacha Vita. Mapema mwaka 2015 akaipa Kongo nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa, Guinea ya Ikweta.

Januari 2016 aliipeleka timu Rwanda katika CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, na ratiba ikatuletea robo fainali ambayo Base Camp haikuiombea: Kongo na wenyeji, Jumamosi ya tarehe 30. Msomaji ambaye hajaishi Nakivale afikirie hivi. Kuna mitaa ya Wakongo na mitaa ya Wanyarwanda, lakini bomba la maji ni moja, soko ni moja, shule ni moja, na kila upande una wafu unaowakumbuka. Kibanda cha video kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kongo ilitangulia, Rwanda ikasawazisha, na katika dakika za nyongeza Kongo ikapata la pili. Mechi ilipokwisha 2-1 nilisikia maneno ambayo sitayaandika, na usiku mawe yakaanguka juu ya mabati, ya upande huu na ya upande ule.

Jumapili alasiri Kocha alikuja uwanjani kama kawaida. Nahodha wetu alikuwa mvulana wa Kinyarwanda. Alikuja, lakini alisimama mbali, na wengine wanne wakasimama naye. Kocha hakuhutubia. Alituambia tuhesabu moja, mbili, moja, mbili, na namba zikatuchanganya. Kisha akatoa sheria ya siku: timu ni saba kwa saba, na bao halihesabiwi mpaka mpira uwe umepita kwa wote saba. Nusu ya saa nzima hakuna aliyefunga. Ukitaka kushinda ilikubidi umpe mpira yule ambaye jana usiku baba yako alimtukana baba yake, na yeye ilimbidi akurudishie. Mara ya kwanza mpira ulipopita kwa saba, nahodha ndiye aliyefunga, na pasi ya mwisho ilitoka kwa mtoto wa jirani yetu, Mkongo wa Rutshuru. Walipigana viganja kabla hawajakumbuka kwamba wamenuniana. Kocha akapuliza filimbi, akasema, “Tena.”

Tarehe 7 Februari Kongo ya Ibengé iliifunga Mali 3-0 pale Amahoro, Kigali, ikawa nchi ya kwanza kutwaa CHAN mara mbili. Nilifurahi sana, sitaficha. Lakini kama ningeulizwa ni kocha gani aliyefanya kazi ngumu zaidi wiki ile, nisingemtaja aliyekuwa Kigali.

Na Ibengé mwenyewe, nadhani, angenielewa. Makombe yake mengine nayajua: mwaka 2022, baada ya kupoteza fainali mbili za Afrika akiwa na Vita, alitwaa Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco, kwa penalti dhidi ya Orlando Pirates. Ila kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote haikuleta kombe la Afrika. Alikuwa na Al Hilal ya Omdurman vita vilipolipuka Sudani tarehe 15 Aprili 2023. Klabu ikawa haina uwanja, haina ligi, haina mji. Msimu uliofuata mechi zake za nyumbani katika Ligi ya Mabingwa ilizichezea Dar es Salaam. Msimu uliofuata tena nyumbani kukawa Nouakchott, na klabu ya Sudani ikashiriki hata ligi ya Mauritania ili wachezaji wasikae bure. Novemba 2024 ilikuja Dar es Salaam, safari hii kama mgeni, ikaifunga Yanga 2-0. Ikaongoza kundi lililokuwa pia na TP Mazembe na MC Alger, ikatolewa na Al Ahly katika robo fainali. Kikosi kizima cha wakimbizi, na mtu mmoja anayewaambia kila asubuhi kwamba leo kuna mazoezi. Julai 2025 Ibengé alijiunga na Azam, na Dar es Salaam ikampokea tena.

Kwa hiyo swali la nani ni kocha mkubwa na nani ameishia ukocha halitatuliwi kwa kutazama ukubwa wa uwanja. Ibengé, Ndaye na Kocha wetu wote wamesimama kandokando ya mstari katika nchi ambayo si yao, wakiwapanga watu ambao kesho yao haijulikani. Tofauti ni kamera.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Kocha alipata habari aliyoingoja kwa miaka mingi: yeye na familia yake wamekubaliwa kuhamia ng'ambo. Ndege ilikuwa ya Februari. Aliuza kitanda, mbuzi watatu na mabati ya jiko. Jumamosi moja ya Januari 2025 aliniita, maana nilikuwa nimeanza kumsaidia mazoezi kila nilipotoka chuoni, akanikabidhi filimbi, koni nane na daftari. Daftari hilo nilikuwa nimeliona mkononi mwake tangu utotoni nikidhani ni la matokeo ya mechi. Halikuwa na matokeo hata moja. Lilikuwa na majina ya watoto wote waliopita kwake, zaidi ya mia tatu, kila jina na nafasi yake na maneno machache. “Anaogopa kupiga kichwa.” “Ana hasira, asipewe unahodha bado.” “Mama yake mgonjwa, arudi mapema.” “Ameenda Kanada.” “Amekufa, malaria.” Penye jina langu pameandikwa: “Kiungo. Anauliza sana.”

Siku chache kabla ya safari, nchi iliyokuwa imempokea ilisimamisha kupokea wakimbizi. Hapakuwa na ndege. Nyumba yake ilikuwa imeshapata mtu mwingine, ikabidi apange chumba kwa jirani. Na Base Camp ikasema lile neno. Pale bombani, pale sokoni, tena kwa huruma ya kweli: maskini Kocha, ameishia hapahapa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda taksi kutoka Mbarara nikamkuta uwanjani, amekaa juu ya jiwe. Nilimnyooshea filimbi. Hakuipokea. Alikifunga kiganja changu juu yake, akaniambia wakubwa ni wangu sasa, yeye anawataka wale wadogo wa chini ya miaka kumi ambao hawakuwahi kuwa na mtu wao. Kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu: “Banasema nimeishia huku. Miye siyaisha. Niko natumika.”

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Katika Kiswahili sanifu kutumika ni kuwa katika matumizi: kisu hiki bado kinatumika. Katika Kiswahili cha Kivu kutumika ni kufanya kazi: Papa anatumika mjini. Kocha alikusudia maana ya pili, kwamba yuko kazini. Lakini kwa masikio yangu ya mwanafunzi nilisikia na ya kwanza, kwamba bado anafaa, bado hajawekwa kando, na sijaona sababu ya kuchagua moja. Rekodi za soka zina safu ya mechi na safu ya mabao. Hazina safu ya watu waliofunzwa. Ndiyo maana Ndaye anakumbukwa kwa siku chache za Machi 1974 tu, kana kwamba yule aliyesimama na vijana Cape Town alikuwa kivuli cha yule aliyefunga. Naamini alikuwa mtu yuleyule, anatumika.

Naandika haya kwa sababu yananihusu, na yanawahusu wengi wetu katika darasa hili. Tunasomea ualimu. Kila likizo tunaulizwa kama hatukupata alama za kozi nyingine. Mama yangu, ambaye alibeba maji na kufua nguo za watu ili mimi nifike chuo, aliposikia kwamba nimeacha kibarua cha Jumamosi katika duka la kuchapa kazi za wanafunzi, kibarua kilicholipa shilingi 15,000 kwa siku, ili niende Base Camp kupuliza filimbi bure na nauli nijilipie, aliniuliza kwa uchungu: “Mutoto wa chuo, unaishia kwa mupira ya batoto?” Swali lake ni la haki. Fedha ile ilikuwa sukari na sabuni ya nyumba yake. Tumeafikiana: Jumamosi moja nafanya kazi dukani, inayofuata niko uwanjani, na ile ya dukani Kocha anawashika wakubwa na wadogo pamoja, kwa goti lilelile. Hatupati vyote, yeye wala mimi wala mama. Lakini siku za mazoezi mama huuliza tulifungwa ngapi, na wiki mbili zilizopita alituma mihogo ya kuchemsha kwa watoto.

Daftari sasa liko kwangu na nimeanza kuliandika. Jina la karibuni ni la msichana wa miaka kumi na mmoja aliyefika mwezi uliopita. Anatumia mguu wa kushoto na anakimbia kuliko wavulana wote. Nafasi yake sijaiamua. Mbele ya jina nimeandika: “Kushoto. Kiswahili bado. Anajua ‘rudi’ na ‘toa’.”